Skrubu za Kokoo Naserian

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinitaka niseme maneno machache, nikala keki nikanyamaza. Halikuwa jambo la kiburi. Nilichokuwa nacho cha kusema kilihusu woga, na woga hausemwi mbele ya keki. Tangu hapo nimekaa nyumbani wiki kadhaa nikimfundisha mke wangu namna ya kupanga sufuria zake mwenyewe, hadi akanisukumia kalamu akaniambia niende nikawasumbue watu wa eksirei waliozoea. Vyeo sitavitaja, vilinipita bila kunisalimia. Nitaandika juu ya kuogopa, kwa sababu mmoja wenu, simtaji, nilimsikia akisema kwamba operesheni ya tundu dogo kwenye kifundo cha mguu ni kitu rahisi, unatoboa, unaweka skrubu, mgonjwa anakwenda nyumbani.

Nilipofika Kitengela kutoka Makueni, hospitali yetu ilikuwa vyumba vichache kando ya barabara ya Namanga, na pundamilia walikuwa wakipita nyuma ya jikoni. Chumba cha picha kilikuwa cha Mzee Kilonzo. Mkamba mwenzangu, lakini hilo halikunisaidia kitu. Siku ya kwanza hakunionyesha mashine wala chumba cha giza tulichosafishia picha. Alinipa aproni ya risasi, ile nzito ya kukinga miale, akaniambia niipige picha. Nilidhani ananichezea shere kama wanavyochezewa wageni. Nikaipiga. Picha ilipotoka kwenye maji ilikuwa na mstari mweusi kuanzia kifuani hadi tumboni.

"Aliyekuwa hapa kabla yako alikuwa anaikunja kama shuka," Mzee Kilonzo akasema. "Ikapasuka ndani. Nje ni nzima, ndani iko na ufa. Alikuwa anasimama na hiyo ufa miaka yote na hajui."

Jioni ile niliogopa kumbeba mtoto wangu wa kwanza, nikifikiri nimerudi nyumbani na miale kwenye shati. Kesho yake nilipomweleza mzee, alicheka hadi akakaa chini. Halafu akaniambia kwamba miale haishikamani na shati, ila nisiache kuogopa, nichague tu vizuri kitu cha kuogopa. Tangu siku hiyo aproni zetu hutundikwa, hazikunjwi, na nikikuta mmekunja hata moja nitarudi kutoka huku nyumbani.

Kifundo cha mguu kilianza kunitisha kwa ajili ya Musyoka. Alikuwa fundi wa mawe, akaanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao katika ujenzi hapa hapa mjini. Kifundo kilivunjika pande zote mbili. Daktari wa wakati ule alimtengeneza kwa njia iliyojulikana: akapasua ngozi kwa urefu wa kiganja, akafunua mfupa, akafunga bamba la chuma. Picha niliyopiga baadaye ilikuwa nzuri hata nikaionyesha kwa wanafunzi. Lakini pale kwenye kifundo hakuna nyama ya kufunika kitu, ni ngozi na mfupa, na ngozi ile ilikuwa imevimba. Ikawa nyeusi, ikafunguka. Siku moja nilimwendea wodini na kaseti, lile kasha la filamu, nikaliona lile bamba kwa macho yangu, linang'aa ndani ya kidonda. Sikuhitaji mashine. Mguu ulikatwa chini ya goti, na Musyoka akaniuliza kwa upole kama zile picha zilikuwa zake au za mtu mwingine, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia ni nzuri.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Baada ya Musyoka, kila kifundo kilichovimba kilipoingia mlangoni, sikumwambia tena mwenyewe kwamba picha yake ni nzuri.

Ndipo akaja Daktari Achieng. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, na tulijifunza haraka kwamba akinyamaza, mambo ni mabaya. Alikuja na njia ya matundu madogo, na hospitali ikanunua ile mashine tunayoiita siam, yenye mkono uliopinda kama herufi C, inayoonyesha mfupa kwenye kioo wakati huo huo operesheni inaendelea. Daktari hapasui kuona. Anatoboa ngozi penye upana wa punje ya hindi, anapitisha waya mwembamba hadi ndani ya mfupa, halafu skrubu yenye tundu katikati inafuata ule waya kama shanga kwenye uzi. Ngozi inabaki nzima, na ngozi ikibaki nzima, mguu unabaki.

Mtaona ni jambo la kushangilia, na wengi walishangilia. Mimi niliogopa mara mbili. Zamani daktari aliona mfupa kwa macho yake na picha yangu ilikuwa ya kuthibitisha tu. Sasa alikuwa haoni chochote isipokuwa kile nilichomwonyesha. Picha ya mbele ikionyesha waya uko ndani ya mfupa, ya ubavuni inaweza kuonyesha umetokea nyuma, karibu na mshipa wa damu, au umeingia kwenye kiungo chenyewe. Picha moja ni shahidi mmoja. Msikubali daktari yeyote, hata awe na haraka ya namna gani, asonge mbele kwa picha moja. Atawagombeza, na mkae mgombezwe. Daktari Achieng alinigombeza mwezi mzima, halafu akaanza kuidai ile ya pili mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Sasa nifike kwa Kokoo Naserian, kokoo ni bibi kwa Kimaa, maana wengine wote naweza kuwasimulia nikinywa chai, lakini nikifika kwake chai hupoa.

Aliletwa na mwanawe Lemayian, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi Kitengela. Kokoo aliishi mbele ya Bisil, peke yake na mbuzi wake, mjane, mwenye ugonjwa wa sukari. Wakati wa kiangazi alikuwa akiwafuata mbuzi mbali, akatumbukiza mguu kwenye shimo la muhanga. Majirani walimfunga vijiti na kitambaa, akakaa hivyo siku nyingi akingoja mguu upone. Nilipofungua kile kitambaa nikaona malengelenge, mengine yenye maji, mengine yenye damu, na mguu umevimba hata kifundo hakionekani. Nikamkumbuka Musyoka.

"Takwenya, Kokoo," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia kwa Kimaa, akanitazama kutoka juu hadi chini. "Wewe ni wa kukata?"

"Hapana, mimi ni wa picha."

"Basi piga. Lakini ujue, hii mguu ikienda, mbuzi pia imeenda. Na mimi sitaenda kukaa kwa nyumba ya mawe ya huyu kijana nikiangalia ukuta."

Lemayian aliinamisha kichwa. Nilielewa kwamba maneno hayo wamekwisha kuyabishania mara nyingi nyumbani.

Daktari Achieng aliitazama picha akanyamaza. Kupasua ngozi ile kwa mtu mwenye sukari ilikuwa ni kuuaga mguu. Kuiacha vile vile ilikuwa hivyo hivyo. Tukangoja uvimbe upungue, sukari ishuke, halafu tukaingia chumba cha operesheni. Kokoo alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho, kichwa upande wa pili wa pazia, akituuliza mara kwa mara kama tumeanza. Waya wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili ukiwa katikati ya mfupa, stima ikapotea.

Mnajua jenereta yetu inavyojifikiria kabla ya kuwaka. Sasa mfikirie kioo cheusi, waya uko ndani ya mguu wa mtu, na hakuna anayejua ncha yake iko wapi. Kama kungekuwa na kidonda kikubwa, ungechungulia kwa mwanga wa dirisha. Tulikuwa na tundu la punje ya hindi. Daktari Achieng alibaki ameshika ule waya bila kuutikisa, na jasho lilimshuka puani akaliacha lishuke.

"Mbona mmenyamaza?" Kokoo akauliza nyuma ya pazia. "Nimekufa?"

"Bado, Kokoo," Daktari akasema. Stima ikarudi, nikapiga ya mbele, nikapiga ya ubavuni. Ncha ilikuwa ndani ya mfupa. Skrubu tatu ziliingia, tukafunika matundu kwa plasta ndogo za kubandika, na nilipotoka nje niliitundika aproni yangu mahali pake.

Nilidhani woga wangu umekwisha. Lakini jamaa zake walikuja kutoka Bisil kumwona, wanawake wanne na kibuyu cha maziwa, wakaomba waone kidonda. Kokoo akavuta shuka. Wakatafuta kidonda. Mmoja akavaa miwani. Walipoambiwa ni yale matundu, walicheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Kwao mfupa ukivunjika kuna kovu la kuonyesha, na tundu la namna ile ni la mwiba. Na mwiba, nani asiyejua? Unautoa, unatema mate, unawafuata mbuzi. Asubuhi yake Kokoo alikutwa katikati ya wodi, ameshika kitanda cha mwenzake, akiuliza mlango wa kutokea uko upande gani.

Daktari Achieng alikuja mbio, na mara hii hakunyamaza. Mfupa ulikuwa mbichi, akiukanyaga wiki hizo skrubu zitang'oka na hakutakuwa na ngozi ya kujaribia tena. Alieleza kwa Kiswahili, Lemayian akaeleza kwa Kimaa, na Kokoo akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza matangazo ya redio. Mwishowe Daktari akanigeukia.

"Mwonyeshe picha," akasema. "Wacha aogope kidogo."

Nikaileta. Kokoo akaishika juu dhidi ya dirisha.

"Hii nyeupe nyeupe ni nini?"

"Skrubu, Kokoo."

"Kama hizi Lemayian anauza?"

"Karibu sawa."

Hakuuliza tena. Alinirudishia picha, akajilaza, akaufunika mguu kwa shuka taratibu. Kuanzia saa ile hakuukanyaga. Tulifurahi na kupongezana. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami nikawaza kwamba tumempa woga wa kumtosha.

Tulimpa uliozidi. Miezi ilipita, mfupa ukaunga vizuri, Daktari akamwambia sasa akanyage. Akakataa. Akarudi kliniki iliyofuata, amebebwa mgongoni na Lemayian, hajakanyaga. Akarudi tena, vile vile. Misuli ya mguu ilikuwa imekwisha, kifundo kimekuwa kigumu, na kwenye picha zangu mifupa ya wayo ilikuwa inafifia, kwa sababu mfupa usiobebeshwa mzigo hujimaliza wenyewe polepole. Ngozi ya kisigino ilianza kuwa nyekundu kwa kulaliwa. Mbuzi walikuwa kwa jirani. Mguu tuliouokoa kwa tundu dogo ulikuwa unatuponyoka, nami niliona kila mwezi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Siku moja ya kliniki Daktari Achieng aliwaleta Kokoo na Lemayian chumbani kwangu akafunga mlango.

"Kokoo," akasema, "niambie kitu gani unaogopa."

Kokoo akasema, "Mwiba ikibaki kwa mwili, inatembea. Ilitembea kwa ndugu ya baba yangu mpaka ikafika kwa roho, akaanguka kwa boma. Hizi zenu ni tatu. Nikitembea, na hizo zitatembea."

Lemayian akaanza kumkemea kwa Kimaa, lakini mimi sikucheka. Hata kwetu Makueni mama yangu alituambia sindano ikikatikia mwilini husafiri hadi moyoni, na nimefanya kazi hii maisha yangu yote bila kuacha kabisa kuiamini. Nikamwambia hivyo. Kisha nikatoa picha ya siku ya operesheni na ya asubuhi ile, nikaziweka moja juu ya nyingine, nikaziinua dirishani. Skrubu zilifunikana.

"Ona, Kokoo. Miezi hii yote hazijasogea."

"Zitatembea aje?" akasema. "Si mimi sijatembea."

Daktari Achieng alijaribu kusema anaweza kuzitoa, na katikati ya sentensi akaacha, maana kuzitoa ni kupasua tena ngozi ile. Kokoo alikuwa bado ananitazama mimi.

"Wewe wa picha. Umeona nyingi?"

"Nyingi sana."

"Hakuna hata moja ilitembea?"

Nilihisi Daktari ananitazama. Ingekuwa rahisi kusema hakuna. Nikasema, "Ziko zilizolegea, Kokoo. Si nyingi, na hazikufika kwa moyo. Zilitoka mahali pake kidogo, mtu akaumwa, tukatengeneza tena. Kwa wenye sukari zaidi."

Lemayian alifumba macho.

"Sasa umeongea," Kokoo akasema. Akajisogeza ukingoni mwa kiti. "Nitatembea mpaka kwa ile mlango ya nje, nirudi. Halafu upige. Kama imetembea, huyu daktari akate mguu iishe, nijue. Kama haijatembea, nataka mbuzi yangu."

Tukamsimamisha kwenye magongo, Lemayian upande mmoja, mimi upande mwingine. Alipogusa sakafu kwa wayo alivuta pumzi kwa meno. Niliomba Mungu pale kwenye korido kwa sauti, sikuona haya. Nilikuwa naogopa kusikia mlio ndani ya ule mguu, na ile mifupa ya wayo iliyofifia kwenye picha ilikuwa mbele ya macho yangu kila alipohamisha uzito. Wagonjwa kwenye benchi walivuta miguu yao kutupisha.

"Kokoo, tupumzike?"

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa."

"Basi twende hivyo hivyo."

Tulifika mlangoni, tukarudi. Alipopanda kwenye meza ya picha uso wake ulikuwa umelowa. Niliweka mguu sawa, mbele kisha ubavu, nikaenda nyuma ya ukuta kubonyeza, nikarudi. Daktari Achieng alikuwa mlangoni ameshika mdomo. Picha zilipotoka nilizibandika kwenye kioo cha taa, nikazitazama moja moja, nikipima kwa jicho kutoka kichwa cha skrubu hadi ukingo wa mfupa, ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu nikaanza upya kwa sababu sikujiamini. Hazikuwa zimesogea. Kioo kilikuwa kimemgeukia hata yeye. Lakini nilipoinua kichwa niliona kwamba Kokoo hakuwa ameangalia kioo hata mara moja. Alikuwa akiniangalia mimi usoni.

Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Aliyasukuma magongo kando, akajivuta hadi ukingoni mwa meza, akateremka mwenyewe, na mguu uliotangulia sakafuni ulikuwa ule wenye skrubu.